Namna ya Kuhariri Simulizi za Kariakoo Bila Kusumbuliwa na Wakariakoo

Hongera, ndugu mhariri. Andiko lako la mradi limepita, mfadhili ameridhika, na kuanzia mwezi ujao utaongoza jukwaa la kusimulia maisha ya watu weusi wa kitongoji kimoja tu, mtaa kwa mtaa, mlango kwa mlango. Kitongoji chenyewe ni Kariakoo, Dar es Salaam. Kilichobaki ni kuandika mwongozo wa uhariri, ili waandishi wako wajue kipi kinachapwa na kipi kinatupwa. Kazi hii imewashinda wengi kwa sababu walikwenda Kariakoo kwanza, ndipo wakaandika. Fuata hatua zifuatazo na usumbufu huo hautakupata.

Hatua ya 1: Tafuta kaulimbiu

Inayopendwa ni "Sauti kwa Wasio na Sauti". Iandike kwenye bango, kwenye fulana na kwenye vikombe vya chai vya ofisi. Usiende kuipima Mtaa wa Congo saa tano asubuhi, maana pale utakuta kipaza sauti kimefungwa juu ya meza ya nguo, kinarudia maneno yaliyorekodiwa tangu juzi: "Buku tano, buku tano, chagua mwenyewe, buku tano!" Hatua tatu mbele kingine kinatangaza dawa ya panya, mende na kunguni. Katikati yake kuli anasukuma mkokoteni wa maboksi na kuwafokea watu wapishe, na winga, dalali asiye na duka, amekwishakushika mkono, anakuita anko, anakuuliza unatafuta nini.

Ukisimama pale kwa nusu saa utashuku kwamba sauti si kitu kilichoadimika Kariakoo. Kilichoadimika ni mtu wa kukaa na kusikiliza hadi mwisho. Lakini kwenye bajeti ya mradi kuna fungu la vifaa, fungu la usafiri na fungu la mikutano, na fungu la kusikiliza halimo. Kwa hiyo baki na kaulimbiu yako, na vikombe vyako vitauzika.

Hatua ya 2: Panga ofisi mbali

Masaki panafaa. Mikocheni si pabaya. Kariakoo penyewe hapafai kwa sababu mwenye nyumba atataka kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, na mpangaji anayehama atadai kilemba chake, yaani malipo ya kukupisha, kabla hajakuachia ufunguo wa fremu. Ukianza kuzungumza nao habari za kodi na kilemba, utajikuta umeshika simulizi kubwa kuliko zote za eneo hilo: namna nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, iliyokaliwa na babu, wajukuu na wapangaji wawili watatu, ilivyogeuka kuwa ghorofa la fremu chini na stoo juu. Familia nyingine ziliuza zikahamia Mbagala au Chanika, na nyingine ziliingia ubia na mwenye fedha. Nyingine bado ziko mahakamani, ndugu kwa ndugu, juu ya mirathi ya kiwanja kimoja.

Simulizi hiyo ina mikataba, ina hatimiliki, na ina shangazi ambaye hakuitwa siku ya kusaini. Ni ndefu na inachosha. Mwandishi wako akiileta, mwambie kwa upole kwamba jukwaa linajikita kwenye "matumaini". Kisha mpangie aandike kuhusu kijana anayeuza juisi ya miwa.

Hatua ya 3: Weka kisanduku cha rangi, usiulize la pili

Hapa sharti nikiri kwamba wazo lenyewe lina asili yenye heshima. Kule Marekani magazeti makubwa kwa muda mrefu yaliwaona watu weusi pale tu palipotokea uhalifu. Wenyewe wakaamua kujiandika. Freedom's Journal lilitoka New York mwaka 1827. Chicago Defender lilianzishwa mwaka 1905, na wapagazi weusi wa treni za Pullman wakalibeba hadi majimbo ya Kusini, ambako kukutwa nalo kungeweza kukuponza. Kwa watu wale swali la "nani anasimulia?" lilikuwa na jibu la rangi, kwa kuwa rangi ndiyo iliyojengewa ukuta.

Wewe lichukue swali hilo jinsi lilivyo na uliteremshe Kariakoo bila kulifungua kamba. Kwenye fomu weka kisanduku: "Je, msimulizi ni mtu mweusi?" Siku ya kwanza tu utavuka lengo la mwaka mzima. Mwenye ghorofa atatiki. Mpangaji wa fremu atatiki. Machinga aliyetandika turubai mbele ya fremu atatiki, na mgambo aliyekuja kulibeba turubai hilo atatiki pia, kwa kalamu ileile. Ripoti itapendeza, na wala haitaonyesha ni nani kati ya hao wanne amelala na njaa.

Ukitaka kujua ukuta wa rangi wa mji huu ulipita wapi, mzee yeyote atakuonyesha. Wakoloni walikuwa na Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini huku Kariakoo. Mnazi Mmoja pakaachwa wazi ili watu wa pande mbili wasigusane. Kwenye viwanja hivyohivyo vya Mnazi Mmoja ndiko walikokaa wafanyabiashara wa Kariakoo na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, tarehe 17 Mei 2023, baada ya kufunga maduka kwa siku tatu wakipinga kamatakamata za mamlaka ya mapato, TRA, na usajili wa stoo. Siku ile hakuna aliyehitaji kuuliza rangi ya mtu. Swali lilikuwa nani anamkadiria nani, kwa kanuni gani, na risiti iko wapi. Swali la namna hiyo halina kisanduku, kwa hiyo liache.

Hatua ya 4: Jitangaze kuwa wa kwanza

"Kwa mara ya kwanza, wakazi wanasimulia habari zao wenyewe." Sentensi hii ni lazima, na itasimama vizuri mradi usimtaje Erica Fiah. Fiah alikuwa Mganda mwenye duka hapa Dar es Salaam, na mwaka 1937 alianzisha Kwetu, gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Hakuwa na mfadhili wala kaulimbiu ya kwenye vikombe. Usimtaje pia Ramadhani Mashado Plantan na gazeti lake la Zuhra. Watu hawa wanaharibu neno "kwanza".

Kuhusu historia ya mbali zaidi, una ruhusa ya sentensi moja. Andika kwamba Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliweka hapa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, kisha ruka moja kwa moja hadi leo. Usizubae. Ukizubaa utakumbuka kwamba makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na kwamba sanamu iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 ni ya askari. Utaanza kutafuta majina ya wapagazi, na mradi una tarehe ya mwisho.

Ukifika kwenye siasa, piga picha jengo la Mtaa wa Lumumba, ule uliokuwa ukiitwa New Street, na uandike kwamba chama cha TANU kilizaliwa hapo tarehe 7 Julai 1954. Inatosha. Usiseme kwamba waasisi walikuwa 17 na hakuna mwanamke hata mmoja, kwa sababu msomaji atauliza wanawake walikuwa wapi, nawe itabidi umweleze habari za Bibi Titi Mohamed. Alikuwa mwimbaji wa ngoma. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani, alikwenda kwenye vikundi vya ngoma ambavyo wanawake wa mji huu walikuwa wameviunda na kuviendesha wenyewe, vyenye viongozi wake, michango yake na sare zake. Kumbe watu walikuwa wamejipanga kabla hawajaja kupangwa! Jambo hilo halifai kwenye mradi wa kuwajengea watu uwezo.

Na Mohamed Said, mtoto wa Kariakoo, je? Mwaka 1998 alichapisha kitabu kizima juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes, ambaye miaka ya 1950 alikuwa mkuu wa Soko la Kariakoo na ambaye nyumba yake ilimpokea Nyerere. Akasema historia rasmi imewasahau watu wa mitaa hii, na ubishi haujaisha hadi leo. Hiyo ndiyo simulizi ya mtaa inapokomaa: inakwenda kugonga mlango wa historia ya taifa na kudai nafasi. Lakini ubishi hauna fungu kwenye bajeti yako.

Hatua ya 5: Chagua wahusika watatu, watoshe

Mhusika wa kwanza ni mama lishe anayetabasamu. Awe anasonga ugali, moshi umpite usoni, na aseme kwamba anasomesha watoto. Usimuulize anamlipa nani asubuhi ili aweke meza pale, wala mchele wake ulilala wapi siku alipohamishwa. Wa pili ni mzee wa kahawa. Aseme zamani palikuwa na upendo. Usimuulize bei. Wa tatu ni kijana aliyeanza na mtaji wa soksi na sasa ana fremu. Usimuulize nani alimkopesha, kwa riba gani, na kwa nini kaka yake aliyeanza naye siku moja bado anauza soksi.

Watu wa kuepuka ni wengi zaidi. Epuka karani wa stoo, kwa sababu anajua mzigo uliingia lini na ulitoka na risiti ya kiasi gani. Epuka dereva wa guta, kwa sababu amefika kila kona. Epuka binti anayeuza dukani kwa mtu, anayesimama kuanzia asubuhi hadi usiku na kukatwa mshahara kila kitu kikipotea. Na uepuke kabisa mtu aliye kwenye mgomo. Maduka yalipofungwa Mei 2023, na yalipofungwa tena Juni 2024, kila aliyekuwa na fremu alikuwa na maelezo marefu juu ya makadirio ya kodi, mashine za risiti za EFD na gharama za kutoa mzigo bandarini. Maelezo hayo yana tarakimu, na tarakimu hazitoi machozi. Weka neno "ustahimilivu" mahali pake. Neno hilo lina uzuri wake: linamsifu aliyeumia bila kumtaja aliyemuumiza.

Hatua ya 6: Safisha lugha

Mwandishi wako atakuletea kitu kama hiki. Dada mmoja ametoka Kigamboni kutafuta viatu vya shule vya mtoto. Kabla hajafika kona, winga kamdaka: "Dada yangu, twende nikuonyeshe mali, siyo zile za huko nje." Anampeleka fremu ya tatu kushoto, anachomoa kiatu rafuni kana kwamba duka ni la baba yake, anakikunja soli, anakipiga kofi. "Thelathini, lakini wewe chukua ishirini na tano." Dada anasema ana ishirini. Winga anamgeukia mwenye duka: "Bosi, dada ana ishirini." Mwenye duka haondoi macho kwenye simu. Anatikisa kichwa. "Bosi kakataa, dada yangu, nisamehe bure." Mwisho wanaelewana kwenye ishirini na mbili. Dada akishaondoka, bosi anapokea kumi na nane yake, na winga anatia elfu nne mfukoni. Hana duka, hana mtaji, hana mshahara, na bila yeye fremu ile isingeuza jozi tatu kwa siku.

Simulizi hii ina kasoro kubwa: inaeleweka. Mhariri makini ataiandika hivi: "Vijana wajasiriamali katika mnyororo wa thamani wa bidhaa za ngozi wanachangia upatikanaji wa masoko jumuishi." Angalia ilivyotulia. Winga kapotea, bosi na simu yake kapotea, ile elfu nne imepotea, na hata yule dada amepotea pamoja na mtoto wake asiye na viatu. Sasa inaweza kutumwa Ulaya.

Orodhesha pia maneno yasiyoruhusiwa. Mwenyeji akisema "dili", andika "fursa". Akisema "nimepigwa", andika "amekumbana na changamoto". Akisema "mgambo wamebeba mali yangu", andika "zoezi la kupanga mji". Akisema jina la aliyemtapeli, andika "wadau".

Hatua ya 7: Picha kwanza, ruhusa baadaye

Anza na paa la soko kuu, ile miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini. Kila mgeni huipiga picha. Si lazima kueleza kwamba mchoraji wake ni Beda Amuli, Mwafrika aliyeaminiwa jengo kubwa namna ile wakati mji huu ulikuwa bado umezoea wachoraji wa kutoka nje, wala kwamba soko lilifunguliwa mwaka 1975 na lina sehemu ya chini ambayo watu huiita Shimoni. Wala usikumbushe usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko lilipoungua na wafanyabiashara wakatawanywa kwenye masoko mengine ambako wateja wao hawakuwafuata. Paa linapendeza zaidi lisipokuwa na watu chini yake.

Kwa watu, kanuni ni kupiga picha kwa mbali na lenzi ndefu. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kila mama wa sokoni alikuwa na sheria yake kabla ya hiyo: ukimpiga picha bila salamu, atakutupia maji ya kuoshea samaki. Lenzi ndefu hukuepusha na yote mawili.

Ikitokea ajali, mwongozo unakuwa mfupi: wahi. Tarehe 16 Novemba 2024 asubuhi, ghorofa la Mtaa wa Mchikichi na Congo liliporomoka likiwa na watu ndani, na zaidi ya 20 walikufa. Wenzao walikuwa wakichimbua kifusi kwa mikono, waliofukiwa wakipiga simu kutoka chini, na juu kulikuwa na msitu wa simu nyingine zilizoinuliwa kurekodi. Mhariri anayetaka watazamaji angejua la kufanya: sura ya mama aliyelia, karibu kabisa. Baada ya wiki angeondoka. Asingebaki kuuliza nani alitoa kibali, nani alichimba chini ya jengo lililokuwa na wapangaji juu, na waliopoteza mzigo wamelipwa nini. Mji huu ulikuwa umeliona jambo hilo tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilipoua watu 36. Maswali yalikuwa yaleyale, na waandishi waliondoka mapema vilevile.

Hatua ya 8: Simulizi ni ya bure, warsha ni ya kulipwa

Usimlipe msimulizi. Ukimlipa utaharibu "uhalisia". Mama lishe akikupa saa mbili za mchana, wakati wateja wa pilau wanapanga foleni, mshukuru kwa kumwambia kwamba hadithi yake itawagusa wengi. Mtumie kiungo cha kusomea, ingawa simu yake ni ya vitufe.

Fedha zielekee panapostahili. Andaa warsha ya siku tatu hotelini ya kujadili namna ya kumheshimu msimulizi. Kuwe na chai ya saa nne, chakula cha mchana, posho ya kikao na nauli. Waalike wataalamu wa simulizi za Kariakoo, hasa wale ambao kwa mara ya mwisho walifika Kariakoo kununua pazia. Kwenye ripoti ya warsha uandike kwamba jamii ilishirikishwa. Ni kweli: pazia za ukumbi zilitoka Mtaa wa Congo.

Gharama nyingine ni leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wachapishaji wa mtandaoni wasajiliwe na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na ada za mwanzo zilivuka shilingi milioni mbili kabla hazijarekebishwa miaka iliyofuata. Wewe una mfadhili, utalipa. Yule kijana wa Gerezani aliyekuwa akirekodi wazee wa mtaa wake kwa simu hakuwa na milioni mbili, akanyamaza. Usihuzunike. Sasa hivi unaweza kumwajiri akubebee kamera.

Hatua ya 9: Masahihisho yapelekwe kwa barua pepe

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwa hiyo nisome vizuri. Kariakoo ina utaratibu wake wa uhariri, na ni mkali kuliko wako.

Chukua kijiwe chochote cha kahawa uchochoroni, baada ya swala ya alasiri. Dele liko juu ya mkaa, vikombe vinaoshwa kwenye ndoo, kashata ziko kwenye sinia. Mzee anaanza: "Soko hili mimi nimeliona likijengwa, mwaka 68." Hajameza funda, wa pembeni kamkata: "Sitini na nane jengo la zamani bado lilikuwa limesimama, shehe. Na wewe mwaka huo ulikuwa Tanga kwa mjomba wako." Wa tatu anakumbuka nani alikuwa akiuza machungwa mlango wa upande wa pili. Wa nne anasema yule hakuuza machungwa, aliuza nazi, na mwanawe yupo hai, aitwe. Mwana anaitwa kweli. Anakuja na mswaki mdomoni, anathibitisha kwamba zilikuwa nazi, anaongeza jina la mtaa na sababu ya baba yake kuacha biashara. Mzee wa kwanza anacheka, anarudia hadithi yake upya, safari hii ikiwa na mwaka sahihi na nazi mahali pake.

Kwa muda wa kikombe kimoja simulizi imepita kwa mhakiki wa tarehe, mhakiki wa majina na shahidi aliyehusika, na msimulizi amekubali masahihisho mbele ya watu. Hakuna posho iliyolipwa. Chumba chako cha habari kinaweza kufanya hivyo?

Kijiwe nacho kina aibu zake. Wanawake hawakai pale, kwa hiyo habari zao zinasahihishwa na wanaume. Mgeni aliyekuja mjini juzi kutoka Kigoma au Lindi huambiwa anyamaze kwanza. Mwenye sauti kubwa hushinda hata akiwa na mwaka mbaya, na Mhindi au Mwarabu aliyezaliwa mtaa wa nyuma huingia kwenye hadithi akiwa mwenye duka tu, kana kwamba hakucheza gololi na hao hao wazee. Ukitaka kijiwe kikusahihishe vizuri, itakubidi uende pia uani kwa akina mama, kwenye vikoba na kwenye foleni ya maji, na kwenye ngazi za maghorofa ambako mabinti wa madukani wanakula mchana. Ni kazi ya miguu. Kwa hiyo weka anwani ya barua pepe mwishoni mwa kila makala, na masahihisho hayatafika.

Kwa watakaoshindwa kufuata mwongozo huu

Wapo wahariri ambao, kwa bahati mbaya, watakwenda Kariakoo. Watapanda mwendokasi washuke Gerezani, waingie mitaani bila kamera siku ya kwanza, wanunue kahawa, wakae. Watagundua kwamba watu wanajua kusimulia na kwamba kinachowaudhi ni kusimuliwa vibaya. Kwa hao mwongozo mzima unaingia kwenye aya moja.

Taja nani ana fremu na nani anasimama nje, kwa sababu rangi peke yake haitakuambia. Andika kiasi cha fedha pale mwenyewe alipokuruhusu, na ufiche jina pale alipokuomba. Mlipe muda wake aliyeacha biashara yake akakaa na wewe, au umfuate saa anapofunga. Acha neno lake libaki neno lake. Uliza swali la kibali hata baada ya vumbi kutulia. Na kabla hujachapa, rudi na karatasi yako, simama mbele ya aliyekupa habari, majirani wakiwepo, umsomee kwa sauti kuanzia kichwa hadi nukta ya mwisho. Akikukatiza, andika alichosema. Jirani akimbishia, andika na hicho.

Simulizi usiyoweza kuisoma kwa sauti mbele ya mwenyewe, usiichape.